Pentax K1000: kamera ya kujifunzia filamu, uzuri wake na mitego yake

Anayeulizia kamera ya kuanzia kujifunza filamu hakosi kutajiwa Pentax K1000. Asahi Optical ya Japani iliitoa mwaka 1976, na ikaendelea kutengenezwa hadi 1997, miaka ambayo kamera zinazofokasi zenyewe zilikuwa zimeshajaa madukani. Vyuo vya upigaji picha, hasa Marekani, viliipenda kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu na haimfanyii mwanafunzi kazi yoyote: kasi unachagua mwenyewe, tundu la lenzi mwenyewe, fokasi mwenyewe.

Je, bado inafaa? Kwa maoni yetu inafaa sana, ila ununue iliyo nzima, na ujue ni wakati gani sindano ya kipima mwanga chake inakupotosha. Mambo mengine ya kamera hii yanashikika katika rola moja tu ya filamu. Hayo mawili ndiyo yanayowakatisha watu tamaa, na mara nyingi lawama wanaitupia filamu.

Ilivyo

Bila lenzi ina uzito wa gramu 620 hivi. Shata yake ni mapazia mawili ya kitambaa kilichopakwa mpira, yanayokimbia kwa ulalo mbele ya filamu. Kasi zinaanzia sekunde 1 hadi 1/1000, na kuna B, ambayo inaacha shata wazi kwa muda wote unaobonyeza kitufe. Kazi hiyo yote inafanywa na springi na giya. Betri ni moja ndogo, LR44 au SR44, inakaa chini ya mwili wa kamera na inalisha kipima mwanga peke yake. Ikiisha katikati ya harusi, unaendelea kupiga kwa kasi zote kama kawaida, ili mradi unajua kukadiria mwanga. SR44 tunaipenda zaidi kwa sababu umeme wake haushuki taratibu kabla ya kwisha.

Kuna mambo haina. Haina saa ya kujipiga. Haina kitufe cha kukuonyesha kabla ya kupiga ni eneo gani litakuwa kwenye fokasi. Ukitazama kwenye dirisha la kutazamia huoni kasi uliyoweka wala tundu, unaiona sindano tu. Na haina swichi ya kuzima kipima mwanga: kipima kinapumzika pale lenzi inapofunikwa. Kamera ikiachwa mezani bila kifuniko, betri inaendelea kuliwa. Kwa hiyo kifuniko cha lenzi hapa ni sehemu ya kamera, kisipotee.

Kiasili K1000 ni Pentax KM iliyopunguzwa vitu ili ishuke bei. KM ilitoka 1975 pamoja na ndugu zake K2 na KX, ina kiini kilekile, na juu yake ina saa ya kujipiga pamoja na wenzo wa kuonyesha kina cha fokasi. KX inakwenda mbali zaidi, maana kasi na tundu vinasomeka humohumo dirishani. Jina la K1000 limekua mno, na wauzaji wanalijua. Ukikuta KM nzima kwa bei ileile au chini yake, chukua KM bila kusita. Kila kitu kilichoandikwa hapa kuhusu kuweka filamu na kusoma sindano kinaihusu pia.

Kuhusu ilikotengenezwa: za mwanzo ni za Japani na mbele juu zimeandikwa ASAHI PENTAX. Baadaye uunganishaji ulihamia Hong Kong, kisha China, neno ASAHI likaondoka, na matoleo ya mwisho yakaingizwa plastiki nyingi zaidi, pamoja na vifuniko vya juu na chini. Za Japani ni imara zaidi mkononi. Hata hivyo, kamera ya China iliyofanyiwa matengenezo inapiga picha nzuri kuliko ya Japani iliyolala kabatini miaka 30 bila kuguswa.

Kuikagua kabla ya kutoa pesa

Fungua mlango wa nyuma kwa kuvuta juu kitufe cha kurudishia filamu kilicho upande wa kushoto. Toa lenzi. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe wenye mwanga au dirisha, uchungulie kwa nyuma, kisha bonyeza kwa 1/1000. Unatakiwa kuona mmweko wa mstatili uliokamilika. Kama upande mmoja ni giza au umefifia, pazia la pili linalifikia la kwanza kabla halijamaliza safari, na kila picha ya kasi kubwa itatoka na ubavu mweusi. Rudia kwa 1/500 na 1/250. Kosa hili si la kurekebisha nyumbani, lipeleke kwa fundi au acha kamera hiyo.

Kasi ndogo nazo zina ugonjwa wao. Weka sekunde 1 na usikilize: giya inalia kwa mlio mmoja laini hadi shata ifunge. Ikikwamakwama, au ikibaki wazi hadi uitikise, mafuta yameganda. Unaweza pia kupima kwa simu. Rekodi video ya mwendo wa polepole ya fremu 240 kwa sekunde ukiwa nyuma ya kamera, halafu hesabu fremu ambazo mwanga unaonekana. Kwa 1/8 zinatakiwa 30, kwa 1/30 ni 8, kwa 1/60 ni 4. Tofauti ya fremu moja au mbili kwenye 30 haina neno. Ukipata 60 badala ya 30, kamera inaingiza mwanga mara mbili ya unavyotaka. Kwa kasi zinazopita 1/60 njia hii haifai, kwa sababu huko nafasi yote ya picha haifunguki kwa pamoja. Mapazia yanapita yakiacha mwanya mwembamba tu kati yake.

Sasa angalia mifereji ambamo mlango unafungia, na upande wa bawaba. Mna sponji nyembamba nyeusi inayozuia mwanga. Baada ya miongo inageuka kuwa lami. Iguse kwa kijiti cha meno: ikinata au ikimeguka, imekwisha. Dalili yake kwenye picha za rangi ni michirizi ya rangi ya chungwa au nyekundu inayoingia kutoka ukingoni. Hii haitakiwi ikutishe. Sponji mpya ya unene wa milimita 1.5 hadi 2 inatosha. Ya zamani unaitoa kwa kijiti na pamba yenye spiriti ya isopropili, taratibu, ukihakikisha hakuna tone linaloangukia mapazia. Kuna sponji nyingine juu ya kioo cha ndani, mahali kinapogota kinapopanda. Hiyo ikioza, vumbi lake linadondokea kwenye skrini ya fokasi na kioo kinaweza kunata kikiwa juu.

Kwenye lenzi, fungua tundu hadi f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa; ikiwa kubwa, tundu ni dogo) na umulike kwa tochi ya simu ukitazama upande wa pili. Nyuzi zinazosambaa kama mizizi ni kuvu. Kwa kamera zilizokaa Mombasa, Tanga, Zanzibar au Dar es Salaam hili ndilo la kukagua kwa makini kuliko yote, kwa sababu unyevu wa Pwani na mfuko wa ngozi uliofungwa ni chakula cha kuvu. Kisha weka f/16, sukuma kijiwenzo cha nyuma ya lenzi na ukiachie: bapa za tundu zinatakiwa kuruka mara moja. Zikijivuta, zina mafuta. Lenzi ya namna hiyo hupiga vizuri ikiwa f/2 lakini ikifika f/11 au f/16 picha zinatoka na mwanga wa kupindukia, kwa sababu shata inafunguka kabla tundu halijafika lilipotumwa. Mtu anaweza kuhangaika na kipima mwanga mwezi mzima kumbe tatizo liko hapa.

Mwisho fungua kifuniko cha betri kwa sarafu. Ukungu wa kijani au mweupe unafutika kwa siki kidogo kwenye pamba, ila kama umeshapanda kwenye waya, sindano haitaamka.

Kuweka filamu, mahali rola nyingi zinapopotelea

Kaa kivulini. Weka kopo la filamu upande wa kushoto, ncha yake iliyochomoza ikielekea chini, kisha shusha kitufe kikamate kopo. Vuta ulimi wa filamu hadi upande wa kulia na uuchomeke kwenye mwanya wa spuli, mhimili unaovuta filamu. Sogeza kidogo wenzo wa kuvutia filamu huku mlango ukiwa bado wazi. Usifunge mpaka uone meno yameingia kwenye matundu ya filamu pande zote mbili, juu na chini. Wanaoanza wengi hufunga meno yakiwa yameshika upande mmoja tu, na filamu inachomoka baada ya picha mbili.

Funga mlango. Zungusha kwa upole kile kitufe cha kurudishia kufuata mshale mpaka uhisi filamu imekaza ndani ya kopo. Vuta wenzo, piga, vuta tena, piga, hadi kihesabio cha picha kifike 1. Kila unapovuta, kikodolee macho kitufe cha kushoto: lazima kizunguke. Kisipozunguka, filamu haitembei, hata kama kihesabio kinapanda vizuri hadi 36. Kihesabio kinahesabu mivuto ya wenzo tu. Ndani kuna filamu au hamna, hakijui. Hakuna kosa linalouma kama hili, na dawa yake ni kutupa jicho kwa nusu sekunde.

Kisha weka namba ya ISO, yaani wepesi wa filamu kupokea mwanga, kwa kuinua ukingo wa gurudumu la kasi na kulizungusha mpaka namba ya filamu yako ionekane kwenye kijidirisha. Inakubali kuanzia 20 hadi 3200. Kamera hii haisomi alama za kopo. Ukiacha 100 huku umeweka filamu ya 400, rola nzima itapata mwanga mara nne ya unaotakiwa.

Wenzo ukigoma katikati karibu na picha ya 36, filamu imekwisha. Usilazimishe, utachana matundu au utang'oa filamu kwenye kopo lake. Bonyeza kitufe kidogo kilicho chini ya kamera, kunjua mkono wa kurudishia, na uzungushe kufuata mshale. Utahisi uzito, kisha ghafla inakuwa nyepesi. Zungusha mara mbili tatu zaidi ndipo ufungue.

Sindano

Ukitazama dirishani, kulia utaona sindano, na alama ya kujumlisha juu, ya kutoa chini. Unabadili kasi au tundu mpaka ikae katikati. Kwa mandhari ya kawaida, jua likiwa mgongoni mwako, hiyo ni kazi ya sekunde tatu na matokeo yatakuwa mazuri.

Shida ni kwamba kipima kinatazama karibu picha nzima na kutoa wastani, kikiamini kwamba kila kilicho mbele yake kina wangavu wa kijivu cha katikati. Kimsingi hakijui kanzu wala anga. Mpige mtu aliyevaa kanzu nyeupe, amejaza fremu, na sindano ikae katikati: kanzu itatoka ya kijivu na uso utazama gizani. Hapo ongeza mwanga hatua moja na nusu hadi mbili, yaani sindano ipande juu ya katikati. Hatua moja ni kuongeza mwanga mara mbili: kutoka f/8 kwenda f/5.6, au kutoka 1/250 kwenda 1/125. Mchanga mweupe wa Paje saa sita mchana unahitaji tiba hiyohiyo. Kinyume chake, uso wa mtu mweusi ukijaza fremu kipima kitataka kuung'arisha kuliko ulivyo. Punguza hatua moja hivi.

Lakini kosa la kila siku ni anga. Unampiga mtu amesimama, nyuma yake anga jeupe la Pwani linachukua nusu ya fremu. Sindano inalisoma anga, unaifuata, na uso unatoka kivuli kitupu. Fanya hivi: inamisha kamera ardhini, kwenye mwanga uleule unaomwangukia mtu, au msogelee hadi uso wake ujaze dirisha. Weka sindano sawa. Kisha rudi nyuma, panga picha yako na upige, wala usiguse tena kasi au tundu hata sindano ikiruka juu. Hapa ndipo kamera ya mkono inapoishinda ya kujiendesha: ulichokiweka kinakaa pale ulipokiweka.

Kipima chenyewe ni cha seli za CdS (kadimiamu salfaidi, inayohisi mwanga), na kwenye mwanga hafifu kinajivuta. Ukitoka juani na kuingia sebuleni, kipe muda sindano itulie ndipo uamini.

Kwa negativu ukiwa na shaka ongeza mwanga, usipunguze. Filamu kama Kodak Gold 200 au Ilford HP5 Plus inavumilia hatua moja hata mbili za ziada, lakini ikikosa mwanga vivuli vinakuwa matope na hakuna skana itakayovirudisha. Filamu ya slaidi, ile inayotoa picha yenye rangi zake halisi badala ya negativu, ni kinyume, tena haina msamaha, kwa hiyo anayejifunza aiache kwanza.

Jua la huku na kikomo cha 1/1000

Kanuni ya zamani inasema: jua kali, weka f/16, na kasi iwe karibu na namba ya ISO. Filamu ya 100 ni f/16 kwa 1/125. Ya 200 ni f/16 kwa 1/250. Ya 400 ni f/16 kwa 1/500. Kutoka hapo unabadilishana: filamu ya 100 inakubali pia f/11 kwa 1/250, f/8 kwa 1/500, au f/5.6 kwa 1/1000. Basi, umefika mwisho. Kwa 400 unaishia f/11. Ndiyo maana mtu anayenunua lenzi ya f/2 akitamani ule ukungu mzuri nyuma ya uso, kisha akaweka filamu ya 400 na kutoka mchana, hawezi kuupata. Kamera haina kasi ya kuruhusu. Mwingize kivulini, chini ya mwembe au barazani, ambako mwanga unashuka kama hatua tatu: kwa filamu ya 100 hapo unapata f/2 kwa 1/1000. Isitoshe, kivuli ndicho kinachomfaa uso saa za mchana, jua la utosini likichimba mashimo machoni.

Kwa upande wa chini, usishuke 1/60 ukishika kwa mikono na lenzi ya milimita 50. Flashi nayo itumie 1/60 au chini ya hapo; ukiweka 1/125 sehemu ya picha itakuwa nyeusi, kwa sababu ileile ya mapazia iliyotajwa juu.

Katikati ya dirisha kuna duara dogo linalometameta. Fokasi isipokaa, picha ndani yake inavunjikavunjika; ikikaa, inatulia. Fokasi kwenye jicho, lenzi ikiwa imefunguka kama kawaida, maana tundu linajifunga lenyewe wakati wa kupiga tu. Toleo la SE lina duara lililokatwa nusu mbili, ambalo ni rahisi zaidi kwenye mistari iliyonyooka.

Rola ya kwanza itumie kama daftari. Chagua kitu kimoja kisichosogea, kipige kwa f/2, f/5.6 na f/16 ukibadili kasi kufidia. Kisha kitu kimoja kwa sindano katikati, hatua moja juu, hatua moja chini. Andika kila namba kwenye karatasi, kwa sababu kamera haikumbuki chochote. Picha zikirudi kutoka kusafishwa, mwombe fundi negativu zako pia. Picha iliyochapishwa au kuskaniwa imesharekebishwa na mashine, ila negativu inasema ukweli: iliyo nyepesi kama kioo ilikosa mwanga, iliyo nzito ilizidishiwa. Ukisafisha mwenyewe nyeusi na nyeupe, HP5 Plus ndani ya dawa ya kusafishia ya ID-11 isiyozimuliwa kwa maji ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi joto 20. Maji ya bomba ya Pwani yako juu ya hapo, kwa hiyo chupa za dawa ziwekwe kwenye beseni la maji yenye barafu hadi kipimajoto kikubali.

Lenzi na utunzaji

Lenzi inayokutwa nayo mara nyingi ni SMC Pentax-M 50mm f/2. Inafokasi hadi sentimita 45, inatumia vichujio vya milimita 49, na kwa f/5.6 hadi f/8 ni kali kuliko wengi wanavyotarajia kwa bei yake. Kwa f/2 ni laini pembeni. Hakuna sababu ya kukimbilia f/1.4 kabla ya kumaliza rola za kutosha na hii. Ukitaka ya pili, kitasa cha K, yaani sehemu ya kamera inayoshika lenzi, kinapokea lenzi za Pentax za miaka mingi, mradi zina pete ya tundu. Zile za DA zisizo na pete zinaingia na kufungika vizuri, lakini tundu linabaki dogo kabisa na huna la kufanya.

Usafiri wa ndege unahitaji tahadhari. Mashine mpya za CT za kukagua mizigo ya mkononi zinaunguza filamu ambayo haijasafishwa, kwa hiyo omba ikaguliwe kwa mkono, iwe kwenye mfuko unaoona ndani. Kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege usiweke filamu kabisa.

Nyumbani, iweke K1000 bila kuivutia shata ili springi zipumzike. Isikae kwenye mfuko wake wa ngozi. Chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana na pakiti za silika jeli kinatosha, ilimradi pakiti zinakaushwa au kubadilishwa zikishajaa unyevu, na kamera inatolewa kila baada ya wiki chache, kila kasi inabonyezwa mara kadhaa, na lenzi inapigwa jua kidogo. Betri itoe kama hutaitumia kwa miezi.

Asiyefaa kuinunua ni anayetaka kumpiga mtoto anayekimbia bila kukosa, au mwenye shida ya kuona karibu na asiyevaa miwani, kwani fokasi yote iko mikononi mwake. Huyo wa pili atafute lenzi ya kurekebisha macho inayobanwa kwenye dirisha la kutazamia. Wa kwanza atafute kamera inayofokasi yenyewe. Ziko nyingi za filamu, nazo kwa sasa ni rahisi kuliko hii.